VITAL'O YA BUJUMBURA: KUTEKA KILELE SI KUKISHIKA

Kila askari aliyepata mafunzo anajua kwamba kuteka kilima ni kazi ya saa chache, bali kukishika kilima hicho ni kazi ya siku nyingi. Kuteka kwataka ushujaa. Kushika kwataka chakula, maji, risasi, mawasiliano na watu wa kupokezana zamu. Kikosi kisicho na hayo huteremka kilimani kikiwa na sifa tupu mkononi.

Somo hilo la medani twalikuta pia katika kandanda, nalo ladhihirika vyema katika historia ya Vital'O, klabu yenye sifa kubwa kupita zote nchini Burundi. Mara mbili klabu hiyo ilipanda hadi kileleni, na mara mbili iliteremshwa. Mara ya kwanza iliteremshwa na vita. Mara ya pili na umaskini wa vifaa na nguvu ya soko. Leo tumekusudia kuwasimulia wasomaji wetu, walinzi wa amani na usalama, jinsi mambo hayo yalivyokwenda.

KUTOKA USUMBURA

Klabu hii ilizaliwa mwaka 1957, wakati mji wa Bujumbura ungali ukiitwa Usumbura. Jina lake la kwanza lilikuwa Rwanda Sport. Kijana wa leo aweza kustaajabu kusikia kwamba klabu ya Bujumbura iliitwa kwa jina la nchi jirani. Lakini siku hizo Ruanda na Urundi zilikuwa eneo moja la udhamini chini ya Wabelgiji, na Usumbura ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala huo. Warundi, Wanyarwanda, Wakongo na watu waliotoka pwani walikutana katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, wakafanya biashara pamoja, wakaoana, na Kiswahili kikawa lugha yao ya sokoni na ya kiwanjani.

Burundi ilipata uhuru wake tarehe 1 Julai, 1962. Miezi tisa kabla ya hapo, tarehe 13 Oktoba, 1961, Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, aliyeongoza harakati za uhuru, aliuawa kwa risasi. Uwanja mkubwa wa michezo ulioko katikati ya mji ulipewa jina lake, nao ukawa ndio uwanja wa nyumbani wa klabu tunayoizungumzia. Mwaka 2019 uwanja huo ulibadilishwa jina ukaitwa Intwari, maana yake mashujaa.

Klabu yenyewe nayo ilibadili jina zaidi ya mara moja, hata ikafikia jina la Vital'O lililodumu hadi leo. Majina yalipita, viongozi walipita, wafadhili walipita. Wapenzi wakabaki wale wale, wakirithishana mapenzi hayo baba kwa mwana. Tangu kupatikana kwa uhuru, Vital'O imetwaa ubingwa wa nchi zaidi ya mara 15, na hakuna klabu nyingine ya Burundi iliyofikia idadi hiyo.

KILELE CHA KWANZA

Mwaka 1992 Vital'O iliingia katika Kombe la Washindi la Afrika. Hilo lilikuwa shindano la timu zilizotwaa makombe ya nchi zao, nalo liliendelea hadi mwaka 2003, kisha likaunganishwa na jingine. Hatua kwa hatua, timu ya nchi ndogo isiyo na bahari wala migodi mikubwa ikafika fainali. Haikuwa imepata kutokea kwa klabu ya Burundi.

Katika fainali ilikutana na Africa Sports ya Abidjan, klabu ya nchi iliyokuwa na fedha nyingi na viwanja bora. Mchezo wa kwanza, uliochezwa Bujumbura, ulimalizika kwa sare ya bao 1 kwa 1. Katika marudiano huko Abidjan, Vital'O ilifungwa mabao 4 kwa 0. Kombe likabaki Ivory Coast. Hata hivyo, kufika fainali ya Afrika si jambo dogo, na kila aliyeijua timu hiyo aliamini kwamba itarudi.

Haikupata nafasi hiyo. Mnamo Julai 1993 timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu walio vitani, ilikosa kwenda katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya kushindwa na Guinea kwa mikwaju ya penalti. Kizazi cha dhahabu kilikuwa mlangoni. Miezi mitatu baadaye, tarehe 21 Oktoba, 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

MIAKA YA MOTO

Wasomaji wetu wengi hawahitaji kusimuliwa vita hivyo, kwani waliviona kwa macho yao au walivisikia kwa wazee wao. Mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, kama Kamenge, Kinama, Cibitoke na Ngagara, iligawanyika. Watu walihama usiku wakiwa na magodoro kichwani. Kuvuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine kukawa hatari, na mchezaji anayekwenda mazoezini alikuwa ni raia kama raia wengine. Tangu Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, na safari za nje zikawa za taabu.

Ajabu ni kwamba mpira haukufa. Mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto, vijana wa Burundi wasiozidi miaka 20 walifika fainali ya Afrika na kwenda Qatar katika Kombe la Dunia la vijana. Ligi ya nchi nayo iliendelea kwa kuyumba-yumba, na Vital'O ikatwaa ubingwa hata ndani ya miaka hiyo. Lakini kucheza ni jambo moja na kukua ni jambo jingine. Wachezaji wengi hodari waliondoka. Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura, alikwenda Yanga ya Dar es Salaam, akaenda Afrika Kusini, kisha Ulaya, na mwaka 2004 akacheza fainali ya klabu bingwa za Ulaya akiwa na Monaco. Timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo. Ndivyo ilivyopotea akiba ya kilele cha kwanza.

KILELE CHA PILI

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti, 2000. Miaka iliyofuata, waliokuwa wakipigana walivaa sare moja katika jeshi jipya na polisi mpya. Tangu Desemba 2007 askari wa Burundi walianza kwenda Somalia kulinda amani ya wengine. Katika hali hiyo ya kuinuka upya, Vital'O nayo iliinuka.

Katikati ya mwaka 2013 Kombe la Kagame, shindano la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, lilifanyika Sudan, katika majimbo ya Darfur na Kordofan Kusini. Hayo yalikuwa majimbo ya vita, na mji wa El Fasher wenyewe ulikuwa makao makuu ya jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika. Simba na Yanga za Tanzania hazikwenda kwa sababu za usalama, ijapokuwa Yanga ndiyo iliyokuwa imelitwaa kombe hilo mwaka 2011 na 2012. Vital'O ilikwenda.

Katika fainali ilikutana na APR, timu ya jeshi la Rwanda, yenye nidhamu na matunzo ya kijeshi. Vital'O ilishinda mabao 2 kwa 0. Kwa mara ya kwanza katika historia ya shindano hilo, kombe likaja Burundi. Wapo watakaosema kwamba baadhi ya timu kubwa hazikuwapo. Sisi twajibu kwamba kombe hupewa aliyefika uwanjani, si aliyebaki nyumbani.

SOKO LINAPOPIGA HODI

Hazikupita wiki nyingi kabla ya soko kupiga hodi. Amissi Tambwe, mmoja wa wafungaji wakuu wa Vital'O, alichukuliwa na Simba mwaka huo huo wa 2013. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 19 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania. Msimu wa 2015/16, akiwa Yanga, alifunga 21 na kupata tena heshima hiyo. Hatumlaumu hata kidogo. Mtu ana familia, na miguu ya mchezaji ina miaka michache. Lakini klabu iliyompoteza haikuwa na mwingine wa kushika zamu yake.

Baadaye ubingwa wa nchi ulikwenda mikoani: Le Messager ya Ngozi mwaka 2018, Aigle Noir ya Makamba mwaka 2019. Hilo ni jema kwa taifa. Mwaka huo wa 2019 timu ya taifa ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika huko Misri kwa mara ya kwanza, ingawa ilifungwa michezo yote mitatu.

Vital'O iliurudia ubingwa msimu wa 2023/24. Agosti 2024 ikapangiwa Yanga katika klabu bingwa ya Afrika. Kwa kuwa viwanja vya Burundi havikuwa vimekubaliwa kwa michezo hiyo, mchezo wa nyumbani wa Vital'O nao ulichezwa Dar es Salaam. Ilifungwa 4 kwa 0, kisha 6 kwa 0. Mabao 10 bila hata moja la kujibu, na hakuna siku ambayo watu wa Buyenzi waliiona timu yao ikicheza kwao. Jeshi lililonyang'anywa kambi yake lafanyaje vita?

KAZI ILIYO MBELE YETU

Tuitazame Buterere, kaskazini mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Ni tambarare ya watu wa kipato kidogo, na ndipo lilipo jalala la mji. Masika yakija maji hutuama hadi milangoni. Hata hivyo, jioni mvua ikikatika, vijana huucheza mpira pale penye ardhi kavu. Wakina Tambwe wa kesho hawatatoka mbali na mitaa ya namna hiyo. Wanachokosa ni kiwanja kisichofunikwa na maji, mwalimu wa kuwafundisha na mtu wa kuwatibu wanapoumia.

Askari na polisi wana la kufanya katika jambo hili, kwani wao wenyewe wana ushahidi. Muzinga, timu ya jeshi, ilitwaa ubingwa wa Burundi mwaka 2002, vita vikiwa bado havijaisha. Rukinzo, timu ya polisi, ipo katika mashindano ya nchi. Timu za namna hiyo hudumu kwa kuwa zina nyuma yake chombo chenye mshahara, daktari, nidhamu na mahali pa kufanyia mazoezi. Hayo hasa ndiyo ambayo klabu za raia hazina.

Tungependa kuona kambi yenye kiwanja ikiwafungulia vijana wa jirani siku moja katika juma, chini ya uangalizi wa mkuu wake. Gharama ni ndogo, na faida ni mbili. Kijana hupata mahali pa kujifunza, na raia humzoea mwenye sare katika hali ya furaha badala ya kumwona penye kizuizi cha barabarani tu.

Vital'O imekwisha kuthibitisha mara mbili kwamba Mrundi aweza kupanda kilele. Iliyobaki ni kazi isiyo na kelele wala picha magazetini: kupeleka maji, chakula na zamu ya kupokeza, ili safari ya tatu ikifika, kilele kishikwe.