Faini, foleni na vimbunga: Mtihani wa likizo ya Disney kwa wazazi wa England

MZAZI wa England anayetaka kuwapeleka watoto wake katika viwanja vya burudani vya Walt Disney World, jimboni Florida, Marekani, hana budi kutazama kalenda tatu kabla ya kuhesabu fedha zake: ya shule ya mtoto, ya shule za Marekani, na ile ya vimbunga.

Kalenda ya kwanza ndiyo yenye meno. Septemba 2013, walimu wakuu wa England walinyang'anywa uwezo wa kuruhusu hadi siku 10 za likizo ya familia katikati ya muhula kwa sababu maalumu. Tangu hapo ruhusa hutolewa kwa dharura za kipekee tu, na matembezi kwa kawaida hayamo.

Kesi iliyoipa sheria hiyo uzito ilizaliwa na safari ya Disney yenyewe. Aprili 2015, Jon Platt wa kisiwa cha Wight alimpeleka bintiye Florida, akamkosesha siku saba za masomo ilhali mwalimu mkuu alikwishakataa. Alitozwa faini ya pauni 60, akagoma kulipa, ikapanda hadi 120. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ya elimu ya mwaka 1996 humtaka mtoto ahudhurie shule kwa utaratibu tu, na mahudhurio ya bintiye yalizidi asilimia 90. Mahakimu walikubaliana naye, na Mei 2016 Mahakama Kuu ikafanya vivyo hivyo.

Furaha ya wazazi haikudumu. Aprili 6, 2017, Mahakama ya Juu, katika hukumu iliyosomwa na Lady Hale, ilitamka kwamba kuhudhuria kwa utaratibu maana yake ni kufuata kanuni zilizowekwa na shule, si kuhudhuria siku nyingi za kutosha. Kwa tafsiri hiyo, hata siku moja bila ruhusa ni kosa.

Tangu Agosti 2024, shule hutakiwa kufikiria faini mtoto anapokosa siku tano ndani ya majuma 10 ya masomo. Faini ni pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21, au 160 ikilipwa ndani ya siku 28. Ya pili katika miaka mitatu ni 160 bila punguzo; kosa la tatu kwa kawaida humfikisha mzazi mahakamani, ambako faini yaweza kufika pauni 2,500. Isitoshe, hutozwa kila mzazi kwa kila mtoto. Baba, mama na watoto wawili ni faini nne, yaani pauni 320 kwa safari ya kwanza.

Hata hivyo, wapo wanaoilipa kimyakimya, kwani nauli za ndege na bei za hoteli hupanda mara shule zinapofungwa, na tofauti yaweza kuimeza faini yote. Disney nayo, tangu Oktoba 2018, huuza tiketi zake za siku kadhaa kwa bei inayobadilika kulingana na tarehe.

Anayeheshimu sheria hubaki na likizo rasmi, na hapo ndipo kalenda ya Marekani inapoingia. Mapumziko ya Februari mara nyingi huangukia karibu na Siku ya Marais, Jumatatu ya tatu ya mwezi huo, wakati Wamarekani wengi nao wamo safarini. Pasaka hukutana na likizo yao ya majira ya kuchipua. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, foleni hazina mfano.

Pengo zuri zaidi ni nusu ya pili ya Agosti. Shule za Florida hufunguliwa kiasi cha Agosti 10, na nyingi za majimbo ya kusini huwa zimekwisha kuanza, ilhali watoto wa England hurejea darasani mapema Septemba. Nauli bado ni ya likizo, lakini foleni hupungua.

Gharama yake ni joto kali, mvua za alasiri na vimbunga, ambavyo msimu wake huanza Juni 1 hadi Novemba 30 na kufikia kilele karibu na Septemba 10. Bima inunuliwe mapema. Ikinunuliwa baada ya kimbunga kupewa jina, kwa kawaida haifidii hasara ya kimbunga hicho.

Kanuni hizo haziwabagui wenye asili ya Afrika Mashariki. Kuwapeleka watoto Mombasa au Dar es Salaam kuwaona babu na bibi katikati ya muhula huhesabiwa sawa na kwenda Disney. Scotland haina faini za aina hii.

Walio huru kuchagua juma lolote ni wenye watoto wadogo pekee. Sheria humbana mtoto kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitano, hata kama tayari ameandikishwa shuleni.