Mwanetu Akitaka Kusomea Ubunifu wa Mavazi

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yatokapo na vijana waanzapo kuchagua masomo ya chuo kikuu, wazazi kadhaa hutujia baada ya swala kutaka shauri juu ya jambo moja. Mtoto wao, aghalabu binti, amepata alama za kumfikisha chuoni, naye hataki ualimu wala uuguzi. Ataka kusomea ubunifu wa mavazi. Baba husema, “Miaka minne na karo yote hiyo, ili aje kushona? Mbona fundi wa hapa mtaani hakusoma?” Mama ana hofu nyingine: maonyesho ya mitindo, na wasichana wapitao jukwaani na nguo za kubana. Mtoto amenyamaza, na nyumba imegawanyika.

Jambo hili lastahili kuzungumzwa kwa utulivu. Uamuzi wa pupa, uwe wa kukataa au wa kukubali, huweza kumgharimu mtoto ujana wake na mzazi akiba yake.

Tuanze na heshima ya kazi yenyewe. Katika Suratul A'raf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu ametaja mavazi yasitiriyo na yapambayo miongoni mwa neema alizowateremshia wanadamu, kisha akalitaja vazi la uchaji kuwa ndilo bora. Sayyidna Abubakar, radhi za Allah zimfikie, alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Imamu Abu Hanifa alijipatia riziki yake kwa biashara ya vitambaa mjini Kufa, na biashara hiyo haikumzuilia elimu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zikifumwa pale na kupelekwa hata Misri. Basi anayeiona kazi ya nguo kuwa duni, hakuipata dharau hiyo katika dini wala katika historia ya pwani yetu.

Sasa tumjibu baba. Fundi wa mtaani ni mtu wa kuheshimiwa, na mara nyingi mkono wake ni mwepesi kuliko wa mwenye shahada. Lakini fundi hushona alicholetewa, na mbunifu hufikiri kile ambacho bado hakijakuwako. Itazame kanzu: ina badani, taharizi, kikwapa, kaba na sijafu. Kila jina ni kipande ambacho mtu fulani, zamani, aliketi akakifikiri, ili mvaaji aweze kuinua mkono, kurukuu na kusujudu bila ya nguo kumkaba. Kufikiri huko ndiko kusomwako chuoni.

Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa mfano, iko idara nzima ya ubunifu wa mitindo na uuzaji wake. Katika masomo ya namna hii mwanafunzi hujifunza tabia za nyuzi, za pamba na za viwandani, kuchora na kukata violezo kwa vipimo mbalimbali, kutumia kompyuta katika uchoraji, kukadiria gharama, na kutafuta soko. Na anayependa zaidi mitambo na ufumaji, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret hufundisha uhandisi wa nguo, na mwaka 2007 kilikinunua kiwanda cha Rivatex.

Faida ya ubunifu tunayo mlangoni. Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwa likiuza kanga tangu mwaka 1887, nazo hujulikana kwa chapa ya “Mali ya Abdulla”. Kanga hizo zimechapwa ng'ambo, lakini mteja hazifuati kwa sababu ya mashine iliyozichapa. Huzifuata kwa ajili ya mji wake, pindo lake na jina lake, mambo yaliyobuniwa na watu waijuao pwani. Leo mabuibui mengi wavaayo binti zetu hutoka Dubai na Uchina, yamebuniwa na watu wasiotujua. Sisi tumebaki wanunuzi.

Na mama tumwambie hivi: hofu yake ina msingi, ila dawa yake ni kumwekea mtoto mipaka akiwa ndani ya fani. Kuchora umbo la mtu kuna hitilafu baina ya wanazuoni. Mwanafunzi aweza kuchora vazi peke yake likiwa limetandazwa, au umbo lisilo na sura, na wabunifu wengi hufanya hivyo kila siku. Kupima mwili wa asiye maharimu kwaepukika kwa kutumia sanamu ya kushonea au kwa kumwachia mwenzake wa jinsia inayofaa. Kuna kazi atakazopewa ambazo nguo yake haisitiri; hapo na azungumze mapema na mhadhiri wake, kwa adabu, aombe kutimiza sharti la somo kwa vazi jingine. Asingoje siku ya mtihani.

Hata hivyo hatutaki kumpamba mtu matumaini. Shahada haimpi mtu kazi. Soko la Kongowea limejaa mitumba, na nguo mpya ya fundi wetu haiwezi kushindana nayo kwa bei. Viwanda vya kuuza nje vilivyoko Mombasa na Athi River vimetegemea sana sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo AGOA, ambayo daima huwekewa muda maalumu, na ajira zake huyumba kila muda huo ukaribiapo kwisha. Kwa hiyo maandalizi ya kazi na yaanze mwaka wa kwanza.

Kwanza ni mkono. Wakati wa likizo, mwanafunzi na aende kwa fundi wa mtaani akae chini yake, afagie vipande, atie vifungo, ajifunze kutengeneza cherehani ikikwama. Asione haya.

Pili ni hesabu. Tuseme binti ameshona buibui kwa kitambaa cha shilingi 1,400 akaliuza 2,000. Hufurahi kwamba amepata 600. Lakini nyuzi na vifungo ni 150, umeme na nauli 150, na siku nzima ya kazi yake, tuikadirie 500. Jumla ni 2,200. Kumbe amempa mteja 200 na buibui juu yake. Wengi wenye vipaji wamefunga milango kwa hesabu hii.

Tatu ni kutafuta haja ambayo haijatimizwa. Kuna muuguzi anayehitaji mtandio usioning'inia akimhudumia mgonjwa. Kuna mwanafunzi wa kike anayetaka kucheza michezo shuleni akiwa amejisitiri. Kuna kanzu za watoto wa madrasa zifumukazo makwapani kabla ya mwaka kwisha. Mitumba haitatui haja hizi, na mbunifu wa Dubai hazijui. Kila suluhisho mwanafunzi alipige picha, aandike bei na sababu yake, akusanye kazi hizo mahali pamoja. Akihitimu, mwajiri au mteja ataona kazi kabla ya kuona cheti.

Nne ni uaminifu wa ahadi. Wazee wamesema kizuri chajiuza, lakini nguo nzuri iliyoletwa siku mbili baada ya Idi haina mnunuzi. Nguo ya harusi ina siku yake, na kuichelewesha ni kuvunja ahadi mbele ya ukoo mzima.

Enyi wazazi, kabla ya kusema ndiyo au la, mwambieni mtoto awashonee nguo moja, toka kununua kitambaa hata kupiga pasi, kisha awape hesabu yake kwa maandishi. Mkiona subira na bidii, mpelekeni chuoni kwa moyo mkunjufu. Mkiona ameikimbia katikati, mtakuwa mmejua kwa gharama ya kitambaa kimoja, si kwa karo ya miaka minne.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.