Mshahara wa Kwanza, Gemu na Marafiki wa Mtandaoni: Kijana, Kaa Rada

Mtihani wa KCSE ukiisha, vijana wengi hujikuta na miezi kadhaa ya kukaa nyumbani kabla ya kujiunga na chuo. Kuna wanaoenda ushago kusaidia shambani, kuna wanaoshikilia duka la shangazi, na jioni karibu wote wako kwa simu. Hapo ndipo mambo mawili hukutana kwa mara ya kwanza: pesa uliyoitolea jasho mwenyewe, na marafiki ambao hujawahi kuwaona uso kwa uso.

Tulizungumza na kijana mmoja wa Nakuru mwenye miaka 17. Hatutamtaja jina kwa sababu ya umri wake. Alipomaliza Form Four alipata kibarua kwenye hadiwea mtaani kwao, shilingi 400 kwa siku, na lengo lake lilikuwa kununua kompyuta kabla ya kuingia chuo. Jioni akitoka kazini anacheza eFootball kwa simu. Alichojifunza dukani ndicho kilichomwokoa kwenye gemu.

Meseji ni ile iliyoingia kwako

Siku ya kwanza, mwenye duka alimpa kanuni moja: mzigo hautoki mpaka meseji ya malipo iingie kwenye simu ya duka. Meseji iliyo kwa simu ya mteja haihesabiki, wala picha ya skrini, wala maneno ya "mtandao uko chini leo".

Jumamosi moja duka likiwa limejaa, mtu wa boda alifika kuchukua mifuko sita ya saruji kwa niaba ya fundi aliyesema ameshalipa. Fundi akatuma kwa WhatsApp picha ya meseji yenye jina la duka na kiasi kamili. Akapiga simu mara mbili akifoka kwamba watu wanangoja saiti. Kijana akaangalia salio la duka, hakuna kitu. Akamwambia mtu wa boda asubiri pesa iingie. Fundi hakupiga tena, na mtu wa boda, maskini, akaondoka mikono mitupu.

Picha ya meseji mtu anaweza kuitengeneza kwa dakika chache. Salio lako hawezi.

Kundi la kwanza, kundi la pili

Kupata watu wazuri wa kucheza nao hakukuwa rahisi. Kundi la kwanza lilijaa matusi. Ukifungwa unachekwa, ukiuliza swali unaambiwa uende ukacheze na watoto. Isitoshe, kila Ijumaa msimamizi alidai shilingi 100 za "kushikilia nafasi", na hakuna aliyejua zinafanya kazi gani. Alitoa mara mbili, kisha akajitoa.

La pili aliingizwa na mwenzake wa shule. Huko sheria zilikuwa zimebandikwa juu kabisa: hakuna matusi, hakuna kuuziana akaunti, hakuna kuomba mtu pesa. Wakubwa walimwonyesha jinsi ya kupanga timu yake bila kununua chochote. Asipoonekana siku mbili, mtu anamuuliza kama yuko poa.

Ndipo mtu mmoja aliyeingia kundini majuzi akamwandikia faraghani. Anauza akaunti yenye wachezaji wakali kwa shilingi 1,500. Akatuma picha za "wateja" walioridhika, akasema kuna wengine wawili wanaitaka, alipe sasa hivi.

Shilingi 1,500 ni karibu kazi ya siku nne pale dukani. Kijana aliikumbuka ile saruji: picha za skrini tena, haraka tena. Hakulipa. Aliuliza kundini.

Hakuna aliyemcheka. Msimamizi alimweleza kwamba akaunti ya gemu hufungwa kwa barua pepe ya mwenyewe. Aliyekuuzia anaweza kubadilisha nywila kesho yake na kuichukua tena, nawe huna pa kushtaki, kwa kuwa kampuni nyingi za gemu zenyewe haziruhusu biashara hiyo. Muuzaji alitolewa kundini usiku huo huo.

Jinsi ya kutambua kundi la kuaminika

Kundi zuri la gemu ni kama chama kizuri. Ukitaka kulijua, angalia linavyozungumzia pesa.

- Hakuna anayekuomba PIN wala namba ya uthibitisho. Si msimamizi, si rafiki, na sisi pia hatuwezi kukuomba PIN.
- Hakuna anayekuharakisha. "Lipa sasa ama ukose" ni lugha ya matapeli.
- Kiingilio kina maelezo. Kama ni mashindano ya kulipia, uliza nani anashika pesa, mshindi anapata nini na analipwa lini.
- Sarafu za gemu hununuliwa ndani ya gemu. Linki inayoahidi almasi au sarafu za bure mara nyingi inatafuta nywila yako.
- Gemu haigeuki kamari. Ukianza kuambiwa uweke pesa kubashiri nani atashinda, toka. Kamari hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18.

Mzazi, neno lako pia

Usikimbilie kunyang'anya simu. Gemu si uvivu tu: Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018 kucheza Tekken, akiwa mwanafunzi wa sheria. Muulize mtoto anacheza na nani, kama vile ungemuuliza anatembea na nani mtaani.

Kwa aliye chini ya miaka 18, laini husajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Basi kaeni chini mkubaliane mapema: mshahara ukiingia, ni kiasi gani cha akiba, kiasi gani cha matumizi, na kiasi gani cha gemu kama kipo. Kuhusu kazi yenyewe, Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi tu. Na mwajiri akilipa kwa simu ni afadhali, kwa sababu kila meseji ni ushahidi kwamba siku fulani ulilipwa kiasi fulani.

Ukishatapeliwa

Usinyamaze kwa aibu. Matapeli hufaidika sana ukinyamaza.

1. Piga huduma kwa wateja mara moja. Pesa ambayo bado haijatolewa ina nafasi nzuri zaidi ya kurudishwa.
2. Badilisha PIN, na nywila ya barua pepe iliyofunga gemu.
3. Usifute meseji wala mazungumzo. Utayahitaji ukienda polisi.
4. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Mtoto anayetishwa au kusumbuliwa mtandaoni anaweza kupiga 116 bila malipo.

Kijana wetu bado anacheza kila jioni, na akiba ya kompyuta haijaguswa. Nawe kabla hujafungua gemu leo, hifadhi namba yetu ya huduma kwa wateja kwenye simu yako. Siku ya kuihitaji hutakuwa na muda wa kuitafuta.