Bandama isiyopungua

Katika vijiji vya Bonde la Rukwa, kuanzia Kibaoni na Usevya hadi Majimoto na Kasansa, mtu akisema "nina bandama" hahitaji kumfafanulia jirani yake anaumwa nini. Kila binadamu anayo bandama, lakini kwa watu wa nchi ya malaria jina la kiungo limegeuka kuwa jina la ugonjwa. Ni ule uvimbe mgumu unaojitokeza chini ya mbavu za kushoto, ambao bibi mzoefu huuona kwa kupapasa tumbo la mjukuu wake kabla hata ya kufika zahanati.

Na mara nyingi bibi huyo hakosei. Kasansa, kwa wasioifahamu, ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, Wilaya ya Mlele, katika Mkoa wa Katavi, na ni nchi ya mpunga. Maji yanayoustawisha mpunga ndiyo hayo hayo yanayozaa mbu, na maji yaliyotuama huwapa makazi konokono wabebao kichocho. Malaria ya kujirudia huivimbisha bandama. Kichocho cha tumbo nacho huliharibu ini, damu ikakosa njia na kurudi nyuma hadi bandama ikafura. Kwa watoto wadogo uko pia ugonjwa wa seli mundu. Hivyo mganga wa zahanati akikutana na bandama kubwa akaanza na malaria, amefanya lililo sawa.

Leo nataka tumzungumze yule mgonjwa mmoja kati ya wengi ambaye dawa za malaria alizitumia zote, akazirudia, na bandama haikupungua hata kidogo.

Tumchukue kwa mfano mkulima wa Kasansa mwenye miaka sitini na mitatu. Kwa mwaka mzima amekuwa akichoka kwa kazi ambazo zamani hakuzihesabu kuwa kazi. Akila vijiko vitano vya ubwabwa anasema ameshiba. Usiku shuka linalowa jasho, mifupa inamuuma, na suruali inamtoka kiunoni ilhali tumbo linaongezeka upande mmoja. Kijijini minong'ono inaanza. Wengine wanataja kifua kikuu, wengine ule ugonjwa wasioutamka kwa sauti, na wengine wanatafuta ni jirani gani aliyegombana naye mpaka wa shamba. Anapimwa makohozi, hana kifua kikuu. Anapimwa virusi vya UKIMWI, hana. Basi mwanawe aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya anatuma nauli. Huyo mwana ndiye ninayesema naye leo, kwa sababu yeye ndiye atakayesimama dirishani hospitalini na kuulizwa, "Mzee ana tatizo gani?"

Ndani ya mifupa yetu mikubwa mna kitu laini tunachokiita uboho, na wengine hukiita uloto. Ule wa ng'ombe tunaunyonya kwenye supu bila kufikiri kazi yake. Uboho ndicho kiwanda cha damu. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa safi mwilini, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani, zile ndogo kabisa zinazoziba jeraha damu isiendelee kutoka. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, halafu hufa. Kwa hiyo kiwanda hakina sikukuu, maana kila siku hutoa chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kujaza nafasi za zilizokufa.

Sasa hutokea, kwa watu wachache na hasa waliovuka miaka sitini, kwamba seli mama moja katika uboho huo hupata hitilafu katika jeni zake. Seli hiyo inazaa bila kusikiliza amri ya kuacha, na watoto wake wanatoa kemikali zinazouchokoza uboho mpaka unaota nyuzi nyuzi kama kovu. Nyuzi zinaongezeka mwaka hadi mwaka. Mahali palipokuwa na shamba la kuotesha damu panageuka kichaka. Ugonjwa huo wataalamu wanauita mailofaibrosisi, kwa maana ya uboho ulioshikwa na nyuzi. Daktari Mjerumani, Gustav Heuck, aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1879, wakati hata jina hilo halijatungwa.

Damu sasa itatengenezwa wapi? Mwili unakumbuka. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, kabla mifupa haijakomaa, damu yake hutengenezwa kwenye ini na bandama. Kiwanda cha mifupani kikizibwa, seli za damu zinahama na kurudi kwenye makao hayo ya zamani. Bandama ya kawaida hutoshea kiganjani na uzito wake haufiki robo kilo. Ya mgonjwa huyu inaweza kufika kilo kadhaa na kushuka hadi karibu na nyonga. Inalibana tumbo la chakula, ndiyo maana mzee anashiba kwa vijiko vitano. Na kazi yenyewe haiiwezi, kwa hiyo damu inaendelea kupungua.

Kuitofautisha bandama hii na ile ya malaria si jambo la kubahatisha. Katika miaka ya 1960, madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, waliwachunguza kwa makini wagonjwa wengi waliofika na bandama kubwa zisizoeleweka. Waligundua kwamba wengi wao chanzo kilikuwa malaria, si kwa vimelea kujaa katika damu, bali kwa kinga ya mwili kupigana nayo kupita kiasi kwa miaka mingi. Baadaye ilionekana kwamba watu wa namna hiyo wakipewa dawa ya kuzuia malaria kwa miezi mingi mfululizo, bandama husinyaa. Tangu hapo madaktari wa nchi zetu wana kipimo cha subira, yaani bandama ya malaria ikitibiwa ipasavyo hupungua, ingawa polepole. Isiyopungua inataka jina lingine.

Jina hilo linaanza kutafutwa kwa kipimo cha kawaida kabisa, kile ambacho mahospitalini hukiita FBP, cha kuhesabu chembe zote za damu. Si kipimo cha ajabu wala hakihitaji kwenda India. Kinatakiwa kiandamane na jambo moja ambalo kwa maoni yangu tumelizembea tangu mashine zilipoingia, nalo ni mtaalamu wa maabara kupaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa darubini kwa macho yake mwenyewe. Mashine itakupa namba. Lakini ni jicho la mtu litakaloona kwamba chembe nyekundu, badala ya kuwa duara, zimechongoka upande mmoja mfano wa tone la machozi. Zimepata umbo hilo kwa kujipenyeza katika uboho uliojaa nyuzi na katika bandama iliyofura. Pamoja nazo zitaonekana chembe changa ambazo hazikupaswa kutoka kiwandani kabla ya kukomaa. Mtaalamu akiandika hayo kwenye karatasi, mzee wa Kasansa ameokoa miezi mingi ya kuzunguka.

Kinachofuata ni kazi ya hospitali kubwa, mathalani Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, au Muhimbili. Daktari huingiza sindano kwenye mfupa wa nyonga avute uboho. Katika ugonjwa huu mara nyingi sindano hurudi kavu, na ndugu hulalamika kwamba daktari ameshindwa kazi. La hasha. Ukavu huo wenyewe ni habari, kwa kuwa uboho umeshikwa na nyuzi na hauvutiki. Hapo huchukuliwa kipande chembamba cha mfupa wenyewe, kikatiwa rangi maalumu zinazozifanya nyuzi zionekane.

Tangu mwaka 2005 kuna hatua nyingine. Mwaka huo watafiti waligundua hitilafu katika jeni iitwayo JAK2, inayopatikana kwa zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa wa mailofaibrosisi. Mwaka 2013 ikagunduliwa nyingine, CALR. Nasisitiza kwamba kwa kawaida hitilafu hizi mtu hazaliwi nazo wala hawarithishi wanawe, bali hutokea katika seli moja ya uboho. Haziambukizi kwa kula pamoja, kwa kitanda wala kwa kikombe. Sababu yake kwa wagonjwa walio wengi haijulikani. Mionzi mikali na kemikali ya benzini, iliyomo katika petroli, zimehusishwa na maradhi ya uboho, na hapa nawatupia jicho vijana wetu wanaovuta petroli kwa mdomo na kipande cha mpira kila uchao.

Ugonjwa huu unao ndugu zake, na Daktari William Dameshek wa Marekani ndiye aliyewaweka katika ukoo mmoja mwaka 1951. Yuko ndugu anayezidisha chembe nyekundu hadi damu inakuwa nzito, mtu anawashwa akitoka kuoga na yumo hatarini kupata kiharusi. Huyo hutibiwa kwa kupunguzwa damu kama anayechangia, pamoja na aspirini kidogo. Yuko anayezidisha chembe sahani. Wote wawili wanaweza, baada ya miaka mingi, kuishia katika nyuzi zile zile.

Lakini ndugu ambaye hatuna budi kumfahamu zaidi ni saratani sugu ya damu ya chembe nyeupe za uboho, inayojulikana kwa ufupisho CML. Nayo huleta bandama kubwa, jasho la usiku na kukonda. Hapa kwetu huwakuta wengi wakiwa bado na umri wa kufanya kazi na kulea watoto. FBP yake inashtua, kwani chembe nyeupe ambazo kwa kawaida ni kati ya 4,000 na 11,000 katika tone dogo la milimita moja ya ujazo huweza kupita 100,000.

Naitaja kwa sababu ndiyo inayoonyesha gharama ya kuchelewa. Mwaka 1960, huko Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida katika seli za wagonjwa hawa. Miaka arobaini na mmoja baadaye, mwaka 2001, ikaidhinishwa dawa ya vidonge, imatinibu, maarufu kwa jina la Glivec, inayokizima kile hasa kinachoamrishwa na kromosomu hiyo. Ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu ndani ya miaka michache ukageuka kuwa wa kumeza vidonge kila siku na kuendelea na maisha. Bei yake ilikuwa ya kutisha, lakini kampuni ya Novartis ilianzisha mpango wa kimataifa wa kuigawa bure katika nchi maskini, na wagonjwa wa Tanzania waliipata kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, katika yale majengo ya ufukweni yaliyoanza kama hospitali ya Wajerumani. Na mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu, imetengenezewa pia kipimo cha ugonjwa huu.

Sasa fikirini kijana wa Kasansa mwenye CML anayetibiwa malaria kwa miaka miwili. Dawa yake ipo, ila hakuna aliyehesabu chembe zake.

Kwa mailofaibrosisi yenyewe habari si njema kiasi hicho, na sitawadanganya. Wako wanaoishi miaka mingi wakiangaliwa tu, bila dawa. Wenye dalili kali hupewa haidroksiyurea, ambayo tayari tunaitumia nchini kwa wagonjwa wa seli mundu, na inaweza kuipunguza bandama. Anayeishiwa damu huongezewa, jambo linalotegemea nani amechangia benki ya damu wiki hiyo. Dawa iliyolengwa kwenye njia ya JAK2, ruksolitinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Huipunguza bandama na jasho la usiku, lakini haiuondoi ugonjwa, na bei yake iko mbali na mfuko wa mkulima. Kinachoweza kuponya kabisa ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, tiba nzito ambayo wengi wa umri wa mzee wetu hawaihimili. Hata hivyo safari imeanza. Mwaka 2021 Muhimbili ilianza kuwapandikiza wagonjwa uboho wao wenyewe, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikawapandikiza watoto wenye seli mundu uboho wa ndugu zao.

Kuna mambo mawili ambayo mwenye bandama ya namna hii asifanyiwe. La kwanza ni chale. Matumbo mengi yanayofika hospitalini yana makovu madogo madogo yaliyopangwa upande wa kushoto, kazi ya wembe wa mganga wa kienyeji. Mgonjwa ambaye chembe sahani zake ni chache au ni mbovu anaweza kutokwa damu isiyokatika, na wembe ule una maradhi yake. La pili ni kukimbilia kuikata bandama kwa upasuaji ati kwa kuwa ndiyo inayovimba. Upasuaji huo upo, lakini kwa wagonjwa hawa ni wa hatari kubwa, na hufanywa na mabingwa baada ya njia nyingine kushindwa.

Wewe uliye mjini, mzee wako akishuka kwenye basi akiwa ameshika ubavu wa kushoto, mwulize kwanza ametumia dawa gani za malaria, lini, na kama tumbo lilipungua. Yaandike. Omba FBP pamoja na damu kutazamwa kwa darubini, na karatasi ya majibu usiiache mezani kwa daktari. Itunze pamoja na zile za zamani, kwa kuwa daktari wa damu atakayemwona atataka kujua namba zilikuwa ngapi mwezi ule na ni ngapi leo.