Kiwanja Butimba: uliza mita kabla ya bei

Mchuuzi wa dagaa au mkulima wa mbogamboga aliyejikusanyia akiba na kutafuta kiwanja Butimba, jijini Mwanza, kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei. Swali linalofaa kutangulia ni umbali wa kiwanja hicho kutoka majini.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ni kali zaidi: ndani ya mita hizo inakataza shughuli za binadamu za kudumu. Nyumba ya tofali ni ya kudumu, hata kama msingi wake ndio kwanza umechimbwa.

Na ziwa lenyewe halitulii. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, Ziwa Victoria lilijaa kupita kiwango cha mwaka 1964 kilichokuwa kikisimuliwa na wazee. Aliyepima kwa hatua za miguu maji yakiwa yamepungua aweza kujikuta jirani na mitumbwi.

Kwa upande wa mtu, mwenye sifa ya kumiliki ardhi ni raia. Mgeni kwa kawaida hupewa kwa uwekezaji. Mnunuzi wa nyumba ya familia ahakikishe pia mke au mume wa muuzaji ameridhia, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda.

Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa huwapumbaza wengi. Inathibitisha kwamba fedha zimelipwa mbele ya mashahidi, basi. Haigeuki kuwa hati miliki, wala haichukui nafasi ya kibali cha ujenzi kinachotolewa na halmashauri ya jiji. Tripu ya kwanza ya mchanga ingesubiri kibali hicho.

Asiye na hati kwenye makazi ya mjini yasiyopimwa aweza kuomba leseni ya makazi, ambayo haizidi miaka 5, wakati hati hufika miaka 99. Anayetaka mkopo wa muda mrefu ataiona tofauti hiyo benki. Kwenye ardhi iliyotangazwa hatarishi, hata leseni hiyo haitolewi.