Vertov na Lori la Vugiri

Wakitajwa Warusi katika semina zetu za fani na maudhui, wengi hukimbilia Gorky. Mimi leo nataka tumtazame Dziga Vertov. Huyu alikuwa mtu wa sinema, lakini swali lake ni letu pia: maana inatoka wapi?

Lev Kuleshov alikwisha kulijaribu. Uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika, ukiunganishwa na sahani ya supu unaonekana una njaa. Ukiunganishwa na jeneza unaonekana una majonzi. Maana inazaliwa pale picha mbili zinapogongana. Hiyo ndiyo montaji. Katika Mtu na Kamera ya Sinema (1929) Vertov akaacha waigizaji, akaacha hata hadithi. Nduguye Mikhail Kaufman alipiga picha, mkewe Elizaveta Svilova akakata na kuunga. Tena tunamwona Svilova mwenyewe mezani na mikanda yake. Yaani mgeni kakaribishwa mpaka jikoni!

Sasa turudi nyumbani. Mimi ni wa Chanika, Handeni. Upande wa Korogwe, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kuanzia 1935 hadi 1937 palikuwa na mradi wa Waingereza, Bantu Educational Kinema Experiment. Notcutt na Latham walitengeneza mikanda 35: ya safura, ya kodi, ya kuweka fedha posta. Sauti ilikuwa kwenye santuri, na lori likazunguka nayo vijijini, kama treni za uenezi alizosafiri nazo Vertov. Ila kwenye kukata walishika njia nyingine kabisa: eti Mwafrika aendeshwe polepole, picha zisimrukie. Baada ya 1939 William Sellers wa Colonial Film Unit akaigeuza imani hiyo kuwa kanuni.

Hapo ndipo ninapogomba. Bibi yangu akisimulia, Sungura yuko kisimani, neno moja tu, tuko kwa Fisi, mara kumekucha. Hakuna mjukuu aliyeuliza tumefikaje. Huo ni mkato, jamani, tena mkali kuliko wa Svilova. Mabwana wale walipima mazoea ya mtu na mashine ngeni, wakadhani wamepima akili yake.

Mikanda ya Vugiri iliyosalia ni michache mno. Nikiupata mmoja nitaupeleka Chanika jioni, nimwekee bibi kigoda mbele, aniambie ni wapi umemchosha.