Mtego wa Panya Huingia Waliokuwemo na Wasiokuwemo

Juma hili tuzungumze juu ya barua-taka, yaani zile barua-pepe za matangazo ambazo hukuziomba. Balaa hili lina umri. Mwezi Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment, Marekani, alipeleka tangazo moja kwa mamia ya watu katika mtandao wa ARPANET. Wengi walikasirika, lakini mlango ulikwisha funguliwa.

Njia moja ya kuwatambua wapelekaji wake ni anwani ya mtego. Hii ni anwani isiyokuwa ya mtu yeyote. Hufichwa katika ukurasa wa intaneti mahali ambapo msomaji haioni, ila programu zinazozunguka zikiokota anwani huiona. Barua ikifika hapo, ni dhahiri aliyeipeleka hakupewa ruhusa. Ndipo seva, kompyuta inayopokea barua na kuzigawa, huandika namba ya kompyuta iliyoileta na kukataa barua zake nyingine.

Mimi natunza seva ya ofisi ndogo. Mhasibu wetu alipostaafu, niligeuza anwani yake kuwa mtego siku ileile. Juma la pili fundi wetu wa mashine wa miaka mingi akapiga simu kwa uchungu: barua zake zote zakataliwa, na ankara yake haijalipwa. Kosa lake? Alimwandikia mhasibu, kama kawaida yake.

Basi nilijirekebisha. Kwanza, anwani ya zamani sasa naifunga mwaka mzima kabla ya kuitega. Kila aletaye barua huambiwa na seva palepale mlangoni, kwa alama 550, kwamba mwenyewe hayupo. Mwungwana ataifuta katika orodha yake, asiyejali ataendelea.

Pili, mtego haupeleki barua ya majibu. Jina la mpelekaji huweza kughushiwa, na jibu lako likamwangukia asiyehusika. Hapo wewe ndiwe umekuwa mpelekaji wa takataka.

Tatu, barua moja haitoshi kumfungia mtu. Kompyuta moja ya kampuni kubwa hupeleka barua za maelfu ya wateja, wema kwa wabaya. Na adhabu yenyewe iwe na kikomo.

Nne, anwani iitwayo postmaster, ambayo kanuni za intaneti zinaitaka katika kila seva ya barua, iachwe wazi hata kwa waliofungiwa, ili aliyeonewa apate pa kulalamikia.

Nanyi wenye biashara, jihadharini na wauza orodha za anwani. Huenda ndani yake mmenunua mitego, na kesho hata barua zenu za halali zitagonga mlango bila kufunguliwa.

Fundi wetu alilipwa, nami nikamwomba radhi. Hadi juma lijalo, kwaherini.